Mpaka Kidole Kilowe

Bwana yule mzungu wa kampuni ya bati hakuamini kijiti cha kupimia petroli. Hakuamini karani, hakuamini dereva, na nadhani hata Mungu alimwamini nusunusu tu, maana kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Alichoamini ni kidole chake cha shahada. Kila asubuhi, malori yakiwa yamepangwa mbele ya ghala la mapipa karibu na stesheni ya Kindu, alipita tangi kwa tangi, akafungua kifuniko na kuchomeka kidole. Kikitoka kikavu alisema neno moja tu: "Ongeza!" Kikitoka kimelowa, lori lilikuwa na ruhusa ya kwenda Kalima kuchukua mawe ya bati. Halafu alikifuta kidole kile kwenye mkono wa shati la dereva aliyesimama karibu.

Madereva walimwita Bwana Kidole. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kumpa, lakini hayo siyaandiki. Naitwa Albertine. Mume wangu, Kalala, alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na kazi za reli, akajifunza udereva akaajiriwa na kampuni. Lile shati nililifua mimi. Nililisugua kwa sabuni, nikalisugua kwa majivu, harufu ya petroli haikutoka. Kila Jumapili mume wangu alikwenda misani ananuka kidole cha mzungu.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kwa Bwana Kidole, nafasi yoyote iliyobaki ndani ya tangi ilikuwa nafasi ambayo dereva ameshaiuza. Tangi lisilofika mdomoni lilikuwa ushahidi wa wizi, hakuna cha kujitetea. Kwa hiyo wote walijaza mpaka juu kabisa, na wakishajaza waliongeza tena kidogo, ili kidole kile kisije kikatoka kikavu.

Lakini petroli si maharagwe, useme ukishaijaza itatulia. Asubuhi inatoka kwenye pipa lililolala ghalani penye ubaridi. Lori linakwenda kusimama kwenye foleni ya kivuko, maana Kalima iko ng'ambo ya Lualaba na daraja hakuna. Kivuko kinakwenda kwa mwendo wake. Jua linapanda, linachoma utosi, na petroli inavimba, inatafuta njia, inachuruzika pembeni mwa kifuniko. Lori likianza kuteremka ule mteremko wa ufukweni, pua chini, inamwagika kabisa, na mbao za kivuko zinalowa.

Na juu ya kivuko kulikuwa na moto. Wanawake wa Alunguli, upande wa pili wa mto, walikuwa na desturi ya kuvuka na majiko yao ya mbabula yanawaka, makaa mekundu tele, samaki juu ya waya. Mbabula ikizimwa ufukweni huku, mpaka iwake tena ufukweni kule wateja wameshaondoka. Tena watu walipenda kula majini. Wazungu waliona, madereva waliona, nahodha mwenyewe alikuwa mteja. Hakuna aliyewakataza.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Riziki. Mjane, mnene, mwenye mdomo mkali kuliko pilipili yake. Siku moja petroli ya lori la Kalala ilichuruzika mpaka kwenye mbabula ya Riziki, moto ukarudi nayo ubao kwa ubao kama panya aliyefukuzwa. Kalala aliruka akauzima kwa gunia lililolowa. Riziki akaungua mguu. Akamtukana Kalala, akamtukana mama yake Kalala, kisha akampa samaki wa bure kwa sababu ameuzima moto. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Kalala alirudi kutoka safari ile hana raha. Akaenda kwa Bwana Kidole, kofia mkononi.

"Patro, esanse iko navimba na jua. Tuache nafasi ya vidole vine tu. Imeunguza mama wa watu pale kwa mto."

Bwana Kidole hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakukasirika hata kidogo.

"Kalala, weye unafikiri mi sijui? Najua. Jua inakunywa kidogo, sawa. Lakini jua haiuzi esanse kwa soko. Weye njo unauza, weye mwenyewe."

"Mi sijauza hata tone, patro."

"Njo vile. Sababu kidole yangu iko."

Jumamosi ileile alimwita Kalala amjazie gari lake dogo. Kalala, kwa mazoea, akamimina mpaka mdomoni. Bwana Kidole akapiga kelele, karibu aangushe sigara: "Basi! Basi! Unataka ituwakie, mi na madame, ndani ya gari?"

Kalala aliponisimulia alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Mtu asiyejua utamfundisha. Lakini mtu anayejua, na bado anakusukuma motoni, huyo utamfundisha nini?

Siku chache baadaye Kalala akaniomba chupa mbili kubwa, zile nilizowekea mawese.

"Za nini, Baba Claire?" Claire ni binti yetu.

"Asubuhi nitajaza sawa vile anataka. Alowe kidole, afurahi. Kisha pale nyuma ya kinu cha mpunga, mbele ya kushuka kwa mto, nitavuta kidogo ndani ya chupa. Ng'ambo kule, tangi ikishapungua, nitarudisha."

"Akikukuta nazo?"

"Iko esanse yake, ndani ya kamio yake, lori yake. Mwivi gani anaiba kitu na anakaa nacho palepale?"

Nilizisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa. Nikazitengenezea vizibo vya gunzi la mahindi, nikavivika kipande cha kitenge changu chekundu ili vikaze. Nilikuwa na hofu, lakini nilijivunia mume wangu pia. Alikuwa amepata njia ya kumtii mzungu bila kuwachoma watu.

Madereva wengine wakaona, wakamuuliza, akawaonyesha. Wa kwanza kuiga alikuwa Okito. Okito ndiye aliyemsimamia Claire ubatizo, na udereva alifundishwa na Kalala, kwenye lori lilelile. Alimwita Kalala yaya, yaani kaka mkubwa, na mimi shemeki, shemeji yake, na kwetu alikula bila kukaribishwa. Msimu mzima wa kiangazi ukapita, kila dereva akivuta petroli yake nyuma ya kinu, na mbao za kivuko zilikuwa kavu. Riziki akaanza kuniambia nimemtunza vizuri yule Mkasai wangu, amepata akili.

Siku waliyomkamata nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea wali na sombe, majani ya muhogo, kwenye foleni. Bwana Kidole alikuwa anavuka kwenda Kalima na gari lake dogo, na kivuko kilikuwa ng'ambo. Mtu asiye na la kufanya hutafuta. Akatembea kwenye malori. Akafungua tangi la Kalala, akachomeka kidole, kidole kikatoka kikavu.

Akakitazama kwanza, kama mtu aliyetukanwa na mwanawe. Akainama, akatazama chini ya kiti. Akazitoa chupa zangu mbili, akazinyanyua juu watu wote wazione.

"Hii nini?"

"Esanse ya kamio, patro. Iko ya kurudisha."

"Ya kurudisha wapi? Kwa bibi yako?" Akanitazama, na bakuli langu la wali mkononi.

"Kwa tangi, patro. Uliza mashofeli wote. Shiye wote tunafanya vile, sababu ya moto."

Bwana Kidole akageukia foleni. Yalikuwepo malori mengine manne, ambayo hakuyapima, na madereva wake wanne walikuwa wanatazama mto. Sijawahi kuona watu wanaopenda mto kiasi kile.

Kesi ilisikilizwa na bwana wa teritwari, mkuu wa wilaya, na haikuchukua muda. Chupa ziliwekwa mezani, vizibo vyekundu juu, nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyewekwa pale. Kalala alieleza habari ya jua na mteremko na mbabula. Bwana wa teritwari aliandika kidogo, akamwita Okito.

"Weye pia unatosha esanse ya kampuni ndani ya chupa?" Kutosha, kwa Kiswahili chetu, ni kutoa.

Okito alitazama chupa. Akamtazama Kalala, halafu dari.

"Hapana, bwana. Mi niko najaza mpaka kidole inalowa. Mambo ya chupa siijui."

Nilisikia Kalala akishusha pumzi. Riziki, aliyevuka mto makusudi, akasimama nyuma akapandisha kitenge kuonyesha mguu wake wenye kovu, akasema yeye anajua kwa nini chupa zile ziko. Polisi alimtoa nje. Alikuwa anapiga kelele kwamba mguu wake ni shahidi bora kuliko wale wanaume wote, na mimi nasema alikuwa na haki.

Mwaka mmoja na nusu gerezani, kwa kuiba mali ya kampuni. Hivyo ndivyo ilivyosomwa. Chupa zilichukuliwa pamoja naye.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa namwandalia chakula.

Nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo tena. Nikatolewa pamoja na godoro langu. Riziki alinichukua ng'ambo, Alunguli, mimi na Claire, akanipa pembe ya chumba na kazi ya kukaanga mikate. "Mume wako aliuzima moto yangu," alisema, "mi niwashe yako." Kila siku nilivuka naye, yeye na samaki, mimi na beseni la mikate. Siku ya kupeleka chakula gerezani nilibaki Kindu, nikapanga mstari na wake wengine. Kalala alinyolewa, alivaa nguo ya mistari, na kila mara aliuliza jambo moja: "Wanaendelea kutosha esanse?"

Nilimdanganya. Nilimwambia ndiyo.

Hawakuwa wanaendelea. Baada ya kesi hakuna aliyethubutu. Okito, ambaye sasa alipewa lori la Kalala kwa sababu ya uaminifu wake, alijaza kuliko wote. Petroli ilirudi juu ya mbao. Ulikuwa unaweza kuinusa kabla hujakiona kivuko.

Mwisho wa kiangazi kilichofuata, siku ya joto kali hata mbwa wakahamia majini, nilimkuta Okito kwenye foleni, amekaa ndani ya lori. Petroli ilikuwa inaanguka tone kwa tone chini ya tangi. Nilikuwa sijasema naye tangu kesi. Nikaenda dirishani.

"Okito, tosha ile esanse."

Akashtuka. "Shemeki..."

"Usiniite shemeki. Tosha. Jua imekuwa kali, na kule mbele iko mbabula tatu."

"Nitatosha ndani ya nini?"

"Nitakupa chupa."

"Yaya Kalala alikuwa na chupa. Sasa iko wapi? Mi niko na watoto, mama Claire."

"Na Riziki? Yeye hana watu?"

Aliushika usukani kwa mikono miwili, akatazama mto. Nilimchukia kwa usaliti wake, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kama ningekuwa yeye, na watoto wale, na chupa zile zimeshampeleka mtu gerezani, ningezishika?

Kivuko kilifika. Tuliingia sisi wa miguu kwanza. Riziki alikaa mbele, palepale pake, na mbabula yake. Nilimwambia asogee, lori la Okito linavuja. Akasema amekaa pale kabla Okito hajaota ndevu, na kama kuna wa kusogea ni lori. Lori likaanza kuteremka, pua chini. Nikaona unyevu unakuja mbaoni, mwembamba, unameta, unafuata mfereji kati ya mbao mbili. Niliita jina la Riziki.

Maji yakimwagika hayazoleki. Petroli ikimwagika, haikupi hata nafasi ya kusema methali. Ilikuwa kelele moja na joto moja. Nilisukumwa majini pamoja na beseni langu, na nilipoinua kichwa sehemu yote ya mbele ilikuwa inawaka. Okito alitoka ndani ya lori. Alikimbilia mbele, si nyuma. Alimshika Riziki akamvuta na kitenge chake kinawaka, akamtupa mtoni akaruka naye. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemsamehe.

Riziki alifariki kabla jua halijazama. Walifariki pia wanawake wawili na mzee mmoja wa Kampene aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe. Okito alipona, lakini mikono yake haikushika tena usukani wala kijiko, na kampuni haikuwa na kazi ya mtu asiye na mikono.

Wafungwa waliletwa kuchimba makaburi. Kalala alikuwa mmoja wao. Alikuwa kaburini mpaka kifuani, na koleo, na polisi juu yake. Aliponiona nimevimba uso kwa kilio, akaacha kuchimba.

"Nani?" aliuliza.

"Riziki."

Akafikiri. Nikaona anafika pale ambapo sikutaka afike.

"Kumbe hawakuwa wanatosha," alisema.

Polisi akamgonga begani kwa kitako cha bunduki, akaendelea kuchimba. Kaburi la Riziki lilikuwa na pembe zilizonyooka kuliko yote. Wengine walimaliza haraka. Yeye alilisawazisha kwa mikono.

Wiki iliyofuata ikatoka amri mpya, ikasomwa mbele ya ghala la mapipa. Matangi yasijazwe mpaka mdomoni. Iachwe nafasi ya vidole vinne. Na dereva atakayeona petroli imepanda akiwa kwenye foleni, aivute ndani ya chupa kabla ya mteremko, na airudishe ng'ambo.

Niliposikia, nguvu zilinirudi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nilisema moyoni. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwa Bwana Kidole nikamkuta amekaa kwenye kibanda chake ghalani. Alikuwa amekonda. Sikumwonea huruma.

"Patro, mi njo bibi ya Kalala. Amri mupya nimesikia. Kalala njo alifanya vile. Vidole vine, na chupa. Basi umuandikie bwana wa teritwari, atoke."

Safari hii pia hakukasirika.

"Mama, Kalala alifanya bila amri. Sasa amri iko."

"Lakini njo kitu kile kile, patro!"

"Kitu kile kile, ndiyo. Bila amri, iko bwizi. Na amri, iko kazi."

Jibu lilikuwepo, lakini lilihitaji panga. Nikageuza macho ili nisilie mbele yake, na nyuma ya mlango nikaona rafu mpya ya mbao. Juu yake zilipangwa chupa, za kila aina, kila moja imepakwa mstari mweupe. Mbili za kwanza nilizijua. Nilizisugua mimi. Vizibo vya gunzi, kitenge chekundu, hata ule uzi niliofungia.

"Hizi mbili ni zangu," nilimwambia. "Nirudishie chupa zangu, basi."

Bwana Kidole akageuka akazitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Hii njo mali ya kampuni."

Siku ya chakula nilikwenda gerezani. Kalala alikuwa amesikia, maana habari haifungwi na ukuta. Alikuja anatembea kwa kasi, na kwa mara ya kwanza tangu wamnyoe alitabasamu.

"Wanasema sasa mashofeli wote wanatosha esanse. Na ruhusa!"

"Wanatosha," nilisema. Safari hii sikudanganya.

"Njo vizuri. Hakuna mama ataungua tena." Akakaa chini, akafungua bakuli, akachota tonge la kwanza. Kisha akanyanyua uso, amefurahi kama mtoto. "Na chupa, Mama Claire? Chupa wametosha wapi?"

Nikamwambia ale, wali unapoa.